Kompyuta Moja ya Keriko

Tarehe 24 Machi mwaka 2019, mjini Dubai, mwalimu wa hesabu na fizikia kutoka kijiji kimoja cha Kenya alitangazwa kuwa mwalimu bora wa dunia, akakabidhiwa zawadi ya dola milioni moja za Kimarekani. Mwalimu huyo ni Peter Tabichi, bradha wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Shule yake wakati huo ilikuwa Sekondari ya Kutwa ya Keriko, iliyoko katika kijiji kiitwacho Pwani, ingawa bahari iko mbali nacho mamia ya kilomita. Kijiji hicho kipo Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, ndani ya Bonde la Ufa. Walimu wapatao 10,000 kutoka nchi 179 walikuwa wamependekezwa kupata zawadi hiyo.

Magazeti ya ulimwengu yalishangilia fedha. Lakini kwa askari wa jeshi na askari polisi, ambao kazi yao ya kila siku ni nidhamu na utulivu, iko hesabu nyingine katika habari hii inayostahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Taarifa zilizotolewa wakati wa kutangazwa kwa zawadi hiyo zilieleza kwamba makosa ya utovu wa nidhamu pale Keriko, ambayo zamani yalifikia 30 kwa wiki moja, yalishuka hadi matatu tu. Katika muda wa miaka mitatu idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu hata kufikia 400. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliomaliza ndio waliokwenda vyuoni. Mwaka 2018 wakaenda 26.

Shule iliyoyapata hayo haikuwa na utajiri wowote wa mitambo. Ilikuwa na kompyuta moja tu, na intaneti yake ilikuwa ya kubahatisha. Mwalimu mmoja alikabiliwa na wanafunzi 58. Karibu wanafunzi wote walitoka katika jamaa za kimaskini, na theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wengine walitembea kilomita saba kuifikia shule, kwa njia ambazo wakati wa masika hazipitiki. Hata hivyo mwalimu huyo alikuwa akitumia mitambo ya kisasa katika masomo yake manne kati ya kila matano. Aliwezaje? Alikwenda katika vibanda vya intaneti, akachukua huko picha na maelezo ya masomo aliyoyahitaji, akayahifadhi, kisha akarudi nayo darasani kuyaonyesha bila kuhitaji mtandao. Ni kazi ya kubeba maji kwa ndoo pale ambapo bomba halijafika. Na wanafunzi walijua kwamba ndoo hiyo ilibebwa kwa ajili yao, na mtu ambaye asilimia 80 ya mapato yake ya mwezi alikuwa akiitoa kwa kuwasaidia maskini.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Nchini Kenya, kama katika nchi nyingi za Afrika, imezoeleka kudhani kwamba mitambo ikishafikishwa shuleni, shule itabadilika. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 iliahidiwa kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapewa kompyuta mpakato. Zabuni zikavutana, mpango ukachelewa, na ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016 kompyuta mpakato zilikuwa zimegeuka kuwa vishikwambi. Vishikwambi zaidi ya milioni moja viligawiwa katika shule za msingi, idadi ambayo si ya kudharauliwa hata kidogo. Umeme ulipelekwa katika shule ambazo hazijapata kuona taa, na pale ambapo nyaya hazikufika pakawekwa mitambo ya jua. Hayo ni mafanikio, na jirani mwema huyakiri.

Lakini vilipofika, wakuu wa shule ndio waliobebeshwa dhamana ya usalama wake. Mkuu aliyeambiwa kwamba kikipotea kimoja ataulizwa yeye, alifanya jambo ambalo kila mtunza stoo analifahamu: alivifunga. Katika baadhi ya shule vishikwambi vilikaa kabatini nyuma ya nondo, vikiwa salama kabisa, na watoto wakaendelea kusoma kwa chaki. Askari hana haja ya kufafanuliwa maana ya jambo hilo. Bunduki iliyohesabiwa kila asubuhi na kurudishwa ghalani bila askari kwenda nayo kiwanjani kulenga shabaha ni bunduki iliyotunzwa, lakini kikosi hakijapata nguvu yoyote kutokana nayo. Yafaa ikumbukwe kwamba kosa hapa si la mkuu wa shule peke yake. Aliyempa dhamana ya kulinda, asimpe idhini ya kukubali kwamba kifaa kinachotumika huweza kuharibika, ndiye aliyelitia kufuli kabati hilo.

Tofauti ya Keriko, basi, haikuwa katika wingi wa vifaa. Kompyuta moja inapokuwa katikati ya watoto 58 ni lazima wasogeleane, wapeane zamu, mwenye kujua amweleze asiyejua. Utaratibu huo usiposimamiwa na mtu mwadilifu huzaa ubabe, mwenye nguvu akatangulia na mnyonge akabaki nyuma. Ukisimamiwa vema, huzaa tabia. Mwalimu Tabichi alianzisha chama cha kukuza vipaji na akakipanua chama cha sayansi, ambamo wanafunzi walibuni mitambo yao wenyewe. Kundi moja lilitafuta namna ya kupata umeme kutokana na mimea ya pale kijijini, likatunukiwa na Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza. Wasichana wawili walitengeneza kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Shule ikaongoza nchini mwaka 2018 miongoni mwa shule za umma katika maonyesho ya sayansi, na mwaka 2019 ikapata nafasi ya kwenda kushindana Arizona, nchini Marekani. Mtoto aliyekuwa akitembea kilomita saba kwa matope ameona kwamba akili yake inaweza kuvuka bahari. Mtoto wa namna hiyo hana wakati wa kuvunja madirisha.

Liko jambo jingine ambalo halikutangazwa sana, nalo lawahusu walinzi wa usalama kuliko yote. Nakuru ni mahali palipomwagika damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na mapema mwaka 2008 Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya, majirani wakichinjana kwa majina ya makabila. Shule ya Keriko ilikuwa na watoto wa makabila saba. Hapo mwalimu huyo wa fizikia alianzisha chama cha amani, wanafunzi wa makabila yote wakishindana kwa hoja, wakicheza pamoja na kupanda miti pamoja. Mpinzani anaweza kusema kwamba kupanda miti si mitambo. Ni kweli. Lakini yule yule aliyewaunganisha katika mti ndiye aliyewakalisha mbele ya kompyuta moja, na watoto hawagawi maisha ya shule katika mafungu mawili. Walimwona pia, yeye na walimu wenzake wanne, wakifundisha waliobaki nyuma mwishoni mwa juma, na wakifika nyumbani kwa wazazi waliotaka kuwaoza binti zao mapema.

Linganisheni hayo na upande wa pili wa mitambo. Mwaka 2015 mitihani ya taifa ya Kenya ilivuja, na karatasi zake zikasambazwa kwa simu za mkononi kutoka shule hadi shule. Wapo wakuu wa shule na walimu walioshiriki; nao walikuwa hodari sana wa simu. Serikali ilipochukua hatua mwaka 2016, chini ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i, karatasi zilihifadhiwa katika makontena ya chuma yenye kufuli mbili, zikalindwa na askari polisi wenye silaha usiku na mchana, na kusindikizwa hadi mlangoni mwa chumba cha mtihani. Matokeo yalionekana mara moja. Waliopata daraja la juu kabisa la A katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka 2016 walikuwa 141. Polisi wa Kenya walifanya kazi yao, na takwimu hizo ni ushahidi wao.

Hata hivyo mwaka huo huo wa 2016 shule zaidi ya 100 za Kenya zilitiwa moto, nyingi kwa mikono ya wanafunzi wenyewe. Sababu zilitajwa nyingi: muhula ulioongezwa urefu, sikukuu za wazazi zilizokatazwa, hofu ya mtihani usioibika tena, na wakuu wasiosikiliza. Kenya inayajua maafa ya moto wa shule kuliko nchi yoyote ya jirani. Mwezi wa Machi 2001, Kyanguli, wavulana 67 waliteketea bwenini, na moto ule uliwashwa kwa makusudi. Katika mikasa ya namna hiyo polisi huitwa mwishoni, wakati paa limekwisha kuanguka na wazazi wamejaa langoni wakiita majina. Hakuna askari aliyepata kusimama katika lango kama hilo atakayedharau jitihada yoyote ya kuifanya shule iwe mahali ambapo mtoto husikilizwa kabla hajachukua kiberiti.

Ni haki kusema kwamba Keriko ni shule ya kutwa, haina mabweni, na haifai kuipima kwa mizani moja na shule za bweni zenye wanafunzi 1,000. Lakini kufuli na askari wa zamu huzuia wizi wa karatasi; haviwezi kumfanya mwanafunzi aione shule kuwa yake. Kazi hiyo ni ya mkuu wa shule na walimu wake, na mkuu mwenye kupenda mitambo anayo nafasi kubwa kuliko mwenzake, kwa sharti moja tu, kwamba mitambo hiyo aitumie kuwakaribia watoto. Wapo wakuu ambao, wakipata fedha, hununua kwanza kamera za kuwachungulia wanafunzi. Kamera zina mahali pake, hasa langoni na stoo. Zikiwa ndiyo salamu ya kwanza ya mkuu kwa watoto wake, watoto huelewa mara moja kwamba wanahesabiwa kuwa wezi, na wengi wao hawachelewi kufanana na hesabu hiyo.

Kwa Tanzania jambo hili si la ng'ambo. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu, vikaingia hata katika shule za vijijini ambazo hazijapata kuwa na kifaa cha namna hiyo. Kila kimoja kilikwenda na jina la aliyekabidhiwa. Kama kilifika mezani mbele ya watoto, au kilibaki katika mkoba wa mwalimu kwa ajili ya taarifa za ofisi, hilo liliamuliwa na mkuu wa shule siku ya kwanza alipokigusa mbele ya walimu wenzake.

Na askari, kwa desturi ya kazi zake, ni mzazi anayehama. Leo yuko Songea, mwakani yuko Tarime au Tanga, na kila uhamisho humlazimu kuingia katika ofisi ya mkuu wa shule asiyemjua, mtoto akiwa amesimama pembeni na begi lake. Wazazi wengi huuliza ada, sare na matokeo ya mtihani wa mwaka uliopita. Maswali hayo ni ya haki. Yapo mengine mawili ambayo hayachukui dakika tano: chumba cha kompyuta, kama kipo, hufunguliwa siku zipi, na ufunguo wake unakaa kwa nani. Mkuu atakayemwita mwanafunzi kuja kuonyesha chumba hicho amekwisha kujibu. Atakayeanza kupekua mtoto wa meza akitafuta ufunguo, naye pia amejibu.