Bonasi na Mshahara si Kitu Kimoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Twashukuru kuwaona wengi namna hii, hata wale waliotoka zamu ya usiku na hawajalala. Hatutawaweka sana. Jambo lililotuita ni ile barua ya kampuni ambayo wengi wenu mmekwisha kusikia habari zake. Kampuni yasema kwamba katika mapatano mapya haitaki tena nyongeza ya kila mwaka kwa watu wote. Badala yake yataka kutoa bonasi kwa wale watakaopewa maksi nyingi na msimamizi wao, pamoja na zawadi kwa mfanyakazi bora wa mwezi. Sababu waliyoitoa ni kuwatia wafanyakazi moyo.

Maneno hayo ni matamu, na sisi katika kamati hatukutaka kuyakataa kabla ya kuyafikiri. Ni kweli mtu hupenda kusifiwa. Aliyefanya kazi miaka ishirini bila kuambiwa ahsante hata siku moja huchoka moyo kabla ya kuchoka mikono. Basi hatusemi zawadi ni mbaya. Twauliza hivi: inawekwa juu ya mshahara, au inakaa mahali pa mshahara?

Swali hili si la leo. Wakati wa ukoloni waajiri wengi wa Kenya walisema kwamba Mwafrika akiongezwa mshahara atafanya kazi kidogo zaidi, maana akipata fedha za kodi na za blanketi atarudi kwao. Kwa fikira hizo walimlipa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kisha wakashangaa kwa nini hakai kazini! Katika Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma, wa bandarini, wa reli na wengine wengi. Hawakugoma kwa ajili ya zawadi. Walitaka mshahara unaolingana na bei ya chakula na kodi ya nyumba, na baada ya mgomo baraza la Jaji Thacker lilitoa nyongeza. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilisema kwamba mshahara wa chini upandishwe hatua kwa hatua hata umtoshe mtu na jamaa yake. Iliona kwamba mtu asiye na nyumba ya kukaa na mke wake, wala tegemeo la uzee, hatatulia katika kazi. Hayo yalisemwa na watu wa serikali ya kikoloni wenyewe, si na chama chochote.

Mabwana wa kampuni hupenda kutusimulia habari za Marekani, nasi tuwasimulie. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kiliandika watu zaidi ya 50,000 ili kibaki na wapata 14,000 tu, kwa sababu watu waliichukia ile kazi ya kusimama penye mstari wakaenda zao. Januari 1914 Ford alitangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiasi cha kwanza, na saa 8 badala ya 9. Watu wakakaa. Lakini kuna nusu ya hadithi ambayo husahauliwa. Sehemu kubwa ya zile dola 5 haikuwa mshahara. Ilikuwa mgawo wa faida wenye masharti, na wakaguzi wa kampuni walikwenda mpaka nyumbani kwa mtu kutazama kama ni mlevi, kama nyumba ni safi, kama anaweka akiba. Asiyewapendeza aliikosa. Mshahara wa halali haumfungulii bwana mlango wa chumba chako.

Tena hapa kwetu tumekwisha kuona. Katika ghala moja tulilofanyia kazi, ambalo hatutalitaja, picha ya mfanyakazi bora ilitundikwa ukutani karibu na saa ya kuingilia, naye alipewa shilingi elfu mbili. Mwezi wa kwanza tulipiga makofi. Mwezi wa tatu kila mtu alimjua mshindi kabla ya kutangazwa, maana alikuwa ndiye anayemchukulia nyapara chai. Kabla ya hapo mtu akizidiwa na gunia, mwenzake alikimbia kulishika upande wa pili. Baadaye alitazama tu. Kwa nini amsaidie mwingine kupata maksi?

Jambo lililotuuma zaidi lilikuwa zawadi ya kukosa ajali. Genge lisilo na ajali kwa miezi mitatu lilipewa fedha. Kijana mmoja alipondwa kidole na pipa, na siku zilizobaki zilikuwa tisa. Wenzake wakamsihi anyamaze. Akafunga kitambaa akaendelea na kazi, fedha zikaja, na kidole kikaoza mpaka kikakatwa. Alipokwenda kudai fidia aliulizwa, ajali hii iliandikwa wapi? Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yataka ajali ijulishwe mwajiri. Sisi wenyewe tulikuwa katika genge lile, na fedha tulizila. Hatusemi haya kwa raha.

Sasa hesabu. Mtu wa shilingi 20,000 akipata nyongeza ya tano kwa mia kila mwaka, baada ya nyongeza tano mshahara wake umepita 25,500. Saa za ziada zahesabiwa kwa huo, na katika mapatano yetu kiinua mgongo pia. Mwenzake anayepewa bonasi ya 12,000 kila mwaka atafurahi kila Desemba, lakini mwaka wa tano bado ni mtu wa 20,000, na akizeeka atahesabiwa kwa hizo hizo. Na mwaka ambao kampuni itasema biashara ni mbaya, hata hiyo 12,000 hataiona.

Dada mmoja alituuliza juma lililopita: maksi za kuhudhuria zitakuwaje kwa mama aliye katika likizo ya uzazi? Sheria yampa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Barua ya kampuni haikusema neno juu yake. Tumeliandika.

Kamati itakwenda na maneno haya. Nyongeza kwanza, katika mshahara wa msingi. Kampuni ikitaka kutoa bonasi juu yake, na iwe ya genge zima, kwa tani zilizopakiwa, na hesabu ibandikwe ukutani mahali pa ile picha. Ajali, ugonjwa na uzazi visipunguze kitu. Tena yote yaandikwe katika mapatano na kusajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, maana mapatano yaliyosajiliwa hushika pande zote mbili, na ahadi ya msimamizi hubadilika akibadilishwa msimamizi.

Wako kati yenu wenye nguvu na wepesi wa kazi wanaosema bonasi ya mtu mmoja mmoja itawafaa. Twajua, na wana haki ya kusema. Wasimame sasa waseme mbele ya wote, kabla hatujapiga kura. Wawakilishi wa kila zamu wanazo karatasi.