Sifuri ya Upande Gani? Istilahi za Ukaguzi wa Bodi na Usalama wa Fundi

Nyinyi mafundi mliofunga vibanda Kariobangi, Umoja na Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, mkaja kutusikiliza,

Nitaanza na neno linaloweza kuua. Neno hilo ni ardhi.

Fundi wa televisheni anayetaka kujua kwa nini bodi haiwaki sawasawa huiunganisha na tarakilishi kwa nyaya tatu: wa kutuma, wa kupokea, na wa tatu ambao vitabu huuita ardhi. Kisha husoma ujumbe ambao bodi huutoa inapoamka. Sasa fungueni televisheni bapa ya kawaida. Bodi yake ya umeme ina pande mbili. Mmoja umeshikana na stima ya nyumba, volti 240. Wa pili umetenganishwa nayo kwa transfoma. Kila upande una sifuri yake, na michoro mingi huziita zote mbili ardhi, zikitofautishwa kwa alama ndogo tu. Tena kwa fundi wa stima mtaani, ardhi ni waya unaoingia udongoni. Neno moja, vitu vitatu. Kijana aliyeambiwa "unganisha ardhi na ardhi" akigusa upande wa stima anaweza kuunguza tarakilishi, hata kufa, ilhali ametii mwongozo neno kwa neno.

Kwa hiyo napendekeza ardhi ibaki kwa ule waya wa udongoni peke yake. Kwenye bodi tuseme sifuri, na kila mara tuitaje upande wake: sifuri ya upande wa stima, sifuri ya upande uliotengwa. Majina haya ni marefu na wahariri watataka kuyafupisha. Nawaomba wasiyaguse.

Kutuma na kupokea kuna tatizo jingine: nani anatuma? Kiwango cha mawasiliano ya siriali cha RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960, kiliziita nyaya kwa kutazama upande wa mashine ya mtumiaji. Ndiyo maana kwenye modemu, pini iitwayo ya kutuma ndiyo inayopokea. Bodi nyingi za leo hutaja kazi ya pini zake zenyewe, hivyo nyaya hupishana. Nyingine huandika jina la pini inayopaswa kuunganishwa nayo. Fundi hubaki akibahatisha. Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendwa, na hapa unatufaa sana: chombo kinachokagua tukiite kikaguzi, bodi inayokaguliwa tuiite kikaguliwa. Kisha waya uitwe "kutoka kikaguzi kwenda kikaguliwa". Jina hilo ni lilelile kwenye ncha zote mbili.

Volti nazo ziandikwe. Ishara za RS-232 hufika volti 15, chanya na hasi, ilhali bodi nyingi hustahimili 3.3 tu. Mwongozo unaosema "kebo ya siriali" bila volti ni mwongozo mbovu.

Yako pia majina ya nyaya yanayoumiza. Mwaka 2020, chama cha maunzi huria cha OSHWA kilitangaza kuacha majina ya bwana na mtumwa katika nyaya za SPI, zinazounganisha chipu na chipu kwenye bodi. Sisi tulikuwa na sababu ya kutangulia: hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907, na wazao wa waliotumikishwa wangalipo. Kidhibiti na kidhibitiwa yanatosha, na yanaeleza kazi vizuri zaidi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo miongozo mingi inayomfikia fundi wa Eastlands ni ya Kiingereza au Kichina. Walimu wa vyuo vya ufundi, tuiandike yetu. Na kabla ya kuichapa, tumpe fundi wa Kariobangi ambaye hakushiriki kuiandika, aunganishe bodi iliyochomolewa stima mbele yetu, nasi tunyamaze. Kila atakaposita au kuuliza, neno la hapo tulibadilishe.