Shule Yetu na Karatasi ya Ijumaa

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wazazi. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)

Ndugu wanachama wa ushirika, Ndugu wazazi,

Habari mnayo. Ijumaa watoto walirudi nyumbani saa nne asubuhi, na mlangoni pa shule ikabandikwa karatasi isiyofika mistari mitano. Shule imefungwa kwa kuwa choo kimetitia; watoto waende shule ya ng'ambo ya barabara. Mpaka lini, haikuandikwa. Kamati ya shule haikuitwa.

Mimi sibishi habari ya choo. Nimekwenda kukiona: ukuta wa nyuma umeingia shimoni, na mtoto angeweza kuingia nao. Kilichonikera ni hiyo "mpaka lini". Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilifunga shule kwa ajili ya korona. Hapa nani alipinga? Sababu tuliambiwa, watoto wa nchi nzima walikaa nyumbani, na tarehe 29 Juni wale wa msingi wakarudi darasani. Safari hii tumefungiwa peke yetu.

Na barabara ya Mbande mnaijua, jamani. Malori ya mchanga, daladala zinakimbizana, bodaboda upande usio wake. Mtoto wa darasa la kwanza atavushwa na nani alfajiri, na mama yake keshakwenda Mbagala na mihogo? Juzi nimehesabu watoto kumi na mmoja wanacheza mpira kwenye mikorosho saa za masomo. Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria. Kesho tutakuja kuulizwa sisi.

Vijana wamesema tukavunje kufuli, na mmoja akasema huu ni ukoloni. Hapana, tusichanganye mambo. Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, Waingereza walifunga shule ambazo Wakikuyu walizijenga kwa michango yao, pamoja na chuo cha walimu cha Githunguri, wakidai ndimo Mau Mau inamolelewa. Wale waliogopwa. Sisi hapa nani anatuogopa? Tumesahauliwa tu, na dawa yake ni nyingine.

Mfano wa kutufaa ni wa Uganda. Mwaka 2016 Serikali ya huko iliamuru shule 63 za kampuni ya Bridge zifungwe, zenye watoto zaidi ya 12,000. Ilisema hazina leseni na usafi wake ni mbaya. Wazazi walilalamika sana. Shauri likafika Mahakama Kuu, na Novemba mwaka huo huo kampuni ikashindwa, kwa sababu leseni kweli haikuwapo. Uchungu wa wazazi haukuwa na mahali pa kushika. Yetu ni shule ya Serikali, leseni si neno, lakini choo ni kibovu kweli. Kikibaki vile, barua yetu itajibiwa kwa neno moja tu: choo.

Kwa hiyo kufuli liacheni. Tunachimba. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, wazee wetu walifyatua matofali ya madarasa bila malipo. Sisi tutashindwa na shimo? Ushirika umekubali kutoa saruji. Wenye nguvu za kuvunja kufuli waje na sururu na chepe.

Papo hapo tunaandika barua, sisi na kamati ya shule, tukiomba mambo mawili tu: bwana afya aje akikague choo kipya, na tarehe ya kufungua tupewe kwa maandishi. Nakala kwa Diwani.

Mimi nami nina langu. Darasa la karibu na mwembe ndilo tunalosomea watu wazima jioni. Zamani nilisoma kwa kubabaisha. Barua ya ofisini nimefundishwa kuiandika humo humo, ukubwani, nimekaa kwenye dawati la mtoto magoti yakigonga meza. Mama mmoja wa darasa letu kaniuliza kama arudishe daftari lake. Nimemwambia akae nalo.

Kuchimba ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Barua itasomwa hapo hapo shimoni kabla haijapelekwa, na atakayeona kosa aseme. Wenye ndoo waje nazo, maji ni ya kuteka mbali.

Katibu wa Tawi, Chamazi