Kukagua Ndege Kabla ya Kuondoka: Hotuba Iliyosomwa Kagio



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya wale wakaao katika chumba cha mbele cha eropleni, yaani rubani na wenziwe, na jinsi wafanyavyo wakiona kasoro kabla ya kuondoka. Labda mtu atauliza, Kagio na eropleni wapi na wapi? Hapa kwetu nyanya na mchele wa Mwea huenda sokoni kwa lori. Vema, na tuanze na lori.

Kila dereva wa lori lenye breki za upepo ajua ya kuwa haifai kuondoka mpaka geji ionyeshe kwamba upepo umejaa. Injini yaweza kunguruma vizuri, taa zikawaka, turubai likafungwa sawasawa, na mwenye mzigo akapiga kelele kwamba soko la Nairobi halimngoji mtu. Lakini bila upepo lori hilo si salama. Tena mara nyingi aonaye kwamba nati ya gurudumu imelegea si dereva, ni taniboi. Je, taniboi atasema? Na akisema, dereva atamsikiliza?

Sasa twendeni Nairobi. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, eropleni ya shirika la Lufthansa, aina ya Boeing 747, ilikuwa katika uwanja wa Embakasi. Ilikuwa imetoka Frankfurt nayo yaelekea Johannesburg, na ndani yake walikuwamo watu 157. Katika chumba cha mbele walikaa watu watatu: rubani mkuu, rubani msaidizi, na fundi, maana siku zile eropleni kubwa zilichukua fundi wa kuangalia injini na mitambo safarini.

Yafaa mjue kwamba bawa la eropleni kubwa si kitu kimoja kama ubao. Mbele yake na nyuma yake mna vipande vinavyofunuliwa wakati wa kuruka na wa kutua, ili bawa liwe pana zaidi na kupinda zaidi, liweze kubeba uzito wakati mwendo ungali mdogo. Katika ndege ile vipande vya nyuma viliendeshwa kwa nguvu za mafuta, na vile vya mbele kwa upepo wa moto utokao katika injini, upitao katika mabomba yenye valvu. Valvu hizo hazikufunguliwa. Vipande vya nyuma vikafunuka, vya mbele vikabaki vimefungwa. Ilikuwa kama lori lile lisilo na upepo: kila kitu kilionekana kizuri isipokuwa jambo moja.

Tena Embakasi ni mahali pa juu, zaidi ya futi 5,000 kutoka bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege ikakimbia, ikainuka, kisha ikaanza kutetemeka. Marubani wakadhani labda ni magurudumu yasiyokuwa sawa, wakayapandisha. Ndege haikupanda. Ilianguka kiasi cha meta 1,100 kupita mwisho wa njia ya kurukia, ikavunjika na kushika moto. Watu 59 walikufa na 98 waliokoka. Katika ndege zote za aina hiyo duniani, hiyo ndiyo ajali ya kwanza iliyoua watu.

Wachunguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule waliona kwamba ndege iliondoka vipande vya mbele vikiwa vimefungwa kwa kuwa mtambo wa upepo haukuwashwa, na kwamba ukaguzi wa orodha haukutimizwa ipasavyo. Walisema pia kwamba hapakuwa na onyo la kutosha katika ndege yenyewe. Jambo kama hilo lilikwisha kuzipata ndege nyingine za aina hiyo, ila marubani wake waliwahi kujiokoa. Baada ya msiba wa Nairobi ndipo mitambo ya kuonya ilipoongezwa. Fundi alishitakiwa kwao Ujerumani, na mwaka 1981 mahakama ikamwona hana hatia. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa haki. Chumba kile kilikuwa na watu watatu na macho sita, na orodha huwekwa ili kosa la mmoja lionekane na mwenziwe.

Orodha hiyo nayo ina historia ya msiba. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Marekani, eropleni mpya ya Boeing iliruka mbele ya wakubwa wa jeshi, ikapanda juu sana, ikaanguka. Rubani wake alikuwa stadi kabisa, lakini walisahau kufungua kufuli ya kuzuia usukani usichezwe na upepo ndege isimamapo chini. Watu wawili walikufa. Wenzao hawakusema, "Tutafute rubani hodari zaidi." Waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua. Tangu hapo ikawa desturi: mmoja husoma na mwingine hutazama, kisha hujibu. Aonaye aibu kusomewa jambo alijualo, huyo hafai kazi ile.

Basi ikiwa kasoro imeonekana, hufanywaje? Kila eropleni ya abiria ina daftari la hitilafu. Rubani huandika alichokiona, fundi wa chini hutengeneza na kutia sahihi. Kama hapana nafasi ya kutengeneza, hutazamwa orodha nyingine inayotaja vitu ambavyo ndege yaweza kuondoka bila ya kuwa navyo, na kwa masharti gani. Kasoro nyingine hupewa siku 3, nyingine siku 10, nyingine hata siku 120, ndipo lazima itengenezwe. Zipo zisizoruhusiwa hata saa moja. Na hata pale orodha inaporuhusu, rubani mkuu aweza kukataa, kwa kuwa orodha haijui mvua ya leo wala uwanja anaokwenda kutua.

Jambo hili la mwisho si dogo. Tarehe 10 Machi 1989, huko Canada, ndege ya Air Ontario ilikuwa na injini ndogo ya mkiani iliyoharibika, ile inayosaidia kuwasha injini kubwa. Kwa orodha iliruhusiwa kusafiri hivyo. Lakini ilitua katika mji wa Dryden, mahali pasipo na mtambo mwingine wa kuwashia, kwa hiyo marubani hawakuthubutu kuzima injini zote mbili. Theluji ikaanguka, ile mnayoiona ikimeta juu ya Kirinyaga asubuhi kukiwa kweupe, ikashika juu ya mabawa. Dawa ya kuiondoa haikuruhusiwa kunyunyizwa injini ikiwa inawaka. Wakaondoka hivyo hivyo. Kati ya watu 69, walikufa 24. Mhudumu mmoja aliyeokoka alikuwa ameiona theluji ile kwa macho yake, asiende kuwaambia marubani. Hakuwa mzembe, katika kazi yake hakuzoezwa kudhani kwamba neno lake juu ya mabawa lingepokelewa.

Na sisi tusicheke wageni. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi, ikaanguka baada ya muda mfupi sana. Watu wote 114 walikufa, na misiba ikawekwa katika nyumba nyingi za nchi hii. Uchunguzi wa Cameroon ulionyesha kwamba ndege ilianza kuinama upande wa kulia polepole gizani, na kwa muda hakuna aliyekuwa akiiongoza kwa kweli. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52, msaidizi wake 23. Wachunguzi walitaja kukosa ushirikiano kati yao.

Nawaomba wazee wanivumilie hapa. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na kijana amkatizaye mzee maneno huonekana hana adabu. Ni malezi mema, nami nawalea wanangu hivyo. Lakini katika chumba kile kunyamaza si heshima. Kwa hiyo marubani hufundishwa siku hizi, pamoja na kuendesha, namna ya kusemezana: msaidizi kusema waziwazi alichokiona na anachotaka kifanywe, na mkuu kumwuliza msaidizi kwanza, kabla ya kutoa shauri lake mwenyewe, ili asimzibe mdomo. Mafunzo hayo yalianza Marekani karibu na mwaka 1980, baada ya eropleni mbili kugongana huko Tenerife mwaka 1977 na kuua watu 583. Huko nako fundi aliuliza kama njia ilikuwa wazi, rubani wake akamjibu upesi kwamba ni wazi, wakaendelea.

Kabla sijasimama hapa kijana mmoja, ambaye dada yake anasafiri mwezi ujao kwenda kazini ng'ambo, aliniuliza: abiria akiona kitu kisicho sawa kwenye bawa, afanye nini, naye si fundi? Nilimjibu kwamba amwite mhudumu papo hapo, kabla ndege haijaanza kukimbia, amwonyeshe kwa kidole, na amwombe rubani aambiwe. Kule Dryden walikuwamo marubani wawili waliosafiri kama abiria. Waliiona theluji, kila mmoja akadhani walio mbele wamekwisha kujua.