Mficha Maradhi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya dawa za kulevya. Nadhani Katibu wetu alitegemea maneno ya ofisini. Nimeyaacha huko huko. Nitawaeleza habari za mdogo wangu, aliyesoma hapa hapa, miaka minne nyuma yangu. Mwenyewe ameniruhusu.

Alianza kuvuta unga akiwa Dar es Salaam, ana kazi, ana mke. Tulipojua nyumbani, jambo la kwanza tulilotafuta halikuwa daktari, bali uongo. Majirani tuliwaambia ana malaria. Ofisini kwangu nilisema yuko shamba. Kisha tukamfungia chumbani siku kumi, mama akimpelekea uji. Alitapika, akatetemeka, akalia kwa maumivu ya mifupa. Siku ya kumi na moja tukasema amepona. Juma lile lile alirudia kipimo chake cha zamani, akaokotwa hajitambui. Daktari alinieleza baadaye kwamba mwili uliokaa siku kadhaa bila unga hupoteza mazoea yake, na kipimo ulichokistahimili zamani huweza kuua. Yaani kumficha kwetu kulikaribia kumuua.

Na tiba ilikuwapo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, bila malipo, na kliniki nyingine zikafuata, Bara na Zanzibar. Kwa kawaida mgonjwa huinywa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Huzuia arosto, mtu akapata utulivu wa kufanya kazi na kulea watoto wake.

Mwaka 2014 mdogo wangu aliniomba nimsindikize kliniki. Mimi, msomi wa chuo kikuu na mtumishi wa serikali, nilimjibu: "Nenda peke yako. Pale watu wananifahamu." Hakwenda.

Ikapita miaka miwili. Katika miaka hiyo aliacha kuvuta, akaanza kujidunga. Tulipokwenda pamoja mwaka 2016, alipopimwa alikutwa na homa ya ini aina ya C, ugonjwa unaoenea kwa kuchangia sindano. Hiyo ndiyo bei ya heshima yangu, na aliyeilipa ni yeye.

Siku hiyo, kwenye foleni, nilimkuta mtu wa ofisi yetu amemleta mwanawe. Tulitazamana, kisha tukapeana mikono. Miaka yote tulikuwa tukikaa meza za jirani, kila mmoja akimficha wake.

Nilimwuliza mdogo wangu kwa nini hakwenda mwenyewe. Akasema: "Kaka, arosto nilikwisha izoea. Kilichonishinda ni kupita mbele ya watu wakiniita teja, na wewe hupo."

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu miongoni mwa maradhi. Mwenye shinikizo la damu humeza kidonge kila siku na hakuna anayemcheka. Kwa nini tumcheke anayekunywa methadoni? Kila tunapomcheka mmoja aliyejitokeza, kumi waliojificha hutusikia.

Ninyi vijana, mwenzenu akianza bangi, pombe au unga, msimpe jina. Mpelekeni kwa mwalimu mnayemwamini, naye asikimbilie fimbo. Nasi wa zamani, tukiombwa kusindikiza, twendeni, mchana, bila kofia usoni.

Wazee walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Mimi nashukuru niliumbuliwa kabla kifo hakijafika. Mdogo wangu leo yuko kazini. Asubuhi, kabla ya kazi, amepitia kliniki kwanza.