Kikombe cha Loliondo na Mizani ya Hoja



Mwaka 2011 watu kutoka Tanzania nzima na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga, na Babu alisema ameoteshwa na Mungu kuwa inatibu UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita.

Silitaji jambo hili ili tuwacheke waliokwenda. Hoja zilizowapeleka Samunge tungali tunazitumia, katika kampeni, mahubiri na makundi ya WhatsApp.

Kila hoja ina dai na sababu zinazotolewa kulitetea. Ukitaka kuipima, uliza mambo mawili. Je, sababu hizo ni za kweli? Na hata zikiwa za kweli, zinatosha kulibeba dai? Wengi wetu huishia kwenye swali la kwanza.

Chukua hoja hii: “Umati wote huu hauwezi kukosea.” Umati ulikuwepo kweli, lakini ulidhihirisha ukubwa wa shida ya watu tu, nguvu ya dawa ni suala jingine. Nyingine: “Hata mawaziri wamekunywa.” Walikunywa, ila uwaziri haumfanyi mtu kuwa mjuzi wa saratani.

Hoja nzito ni ya tatu: “Jirani yangu alikunywa, akapata nafuu.” Sina sababu ya kumwita jirani mwongo. Lakini maradhi mengi hupanda na kushuka. Mgonjwa hufunga safari akiwa amezidiwa, na baada ya kuzidiwa mara nyingi huja ahueni, anywe asinywe. Tena, anayesimulia ni yule aliyerudi. Wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi. Hao hawakupewa kipaza sauti.

Lililokosekana ni ulinganisho. Mwaka 1747, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili. Wote walikula chakula kile kile, lakini kila jozi ikapewa tiba yake: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu kwa haraka na kwa wazi zaidi. Laiti angewapa wote machungwa, asingejua kama ni tunda au ni mapumziko yaliyowasaidia.

Tahadhari moja: hoja mbovu haithibitishi kwamba dai ni la uongo. Inatuachia dai lisilo na ushahidi, na dai la namna hiyo halitoshi kumfanya mgonjwa atupe vidonge vyake.

Wanafunzi wangu, ni rahisi kukagua hoja za wapinzani wetu. Anzeni na zile mnazozipenda: za chama chenu, za dhehebu lenu, na hizi zangu za leo. Kila mnaposikia ushuhuda wa aliyefanikiwa, waulizieni na wale waliofanya kama yeye wasifanikiwe.