Bustani Isiyoonwa na Jua

Leo naanza kwa kitendawili. Kitendawili! Nanyi huko mliko mwajibu: Tega! Bustani yangu imezungukwa na ukuta pande zote, na maua yake hayaonwi na jua tangu kuchanua hata kunyauka. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Jibu lake ni kuyu, tunda la mkuyu.

Wengi wenu mwaujua mkuyu, mti mnene upendao kuota kandokando ya mito, ambao makuyu yake hutokea vishada vishada juu ya shina na matawi. Lakini ni nani kati yenu aliyepata kuliona ua lake? Wako watu wasemao kwamba mkuyu hauchanui kamwe. Sivyo. Kuyu changa si tunda bado. Ni mfuko, na maua yenyewe, madogo sana na mengi mno, yamo ndani yake. Kesho kateni moja kwa kisu, mjionee.

Sasa fikirini. Ua halizai mbegu mpaka lipate chavua, yaani ule unga wa maua. Maua mengine huletewa unga huo na nyuki au upepo. Je, maua yaliyofungiwa ukutani yataletewa na nani?

Mletaji ni nyigu mdogo, ambaye urefu wake wapata milimita 2 tu. Kuyu lina kitundu kilichozibwa kwa vigamba, na nyigu jike hujipenyeza humo kwa shida kubwa, hata mara nyingi mabawa yake hukatika. Akiisha kuingia, hatoki tena. Humo hutaga mayai katika baadhi ya maua, na mengine huyapa chavua aliyoibeba katika vifuko viwili vilivyo kifuani pake. Kisha hufa. Habari za vifuko hivyo zilielezwa mwaka 1969 na wataalamu Galil na Eisikowitch, waliochunguza mikuyu ya Afrika Mashariki.

Baada ya majuma kadhaa watoto wa nyigu huyo hukomaa. Madume hayana mabawa. Kazi zao ni mbili: kuoa, na kutoboa njia katika ukuta wa kuyu, kisha maisha yao yamekwisha. Majike hujaza vifuko vyao chavua, hupita katika njia ile, na kuruka kwenda kutafuta makuyu mengine machanga. Siku zao nje hazizidi mbili. Hata hivyo, mwaka 2009 wataalamu walieleza kwamba katika jangwa la Namibia, kando ya mto Ugab, nyigu hawa huchukuliwa na upepo na kufikisha chavua kwenye mikuyu iliyo mbali hata kilomita 160.

Labda mtauliza: mdudu mdogo hivi akikosekana, mti mkubwa utapungukiwa na nini? Jibu liko Misri. Tangu zama za kale mkuyu umepandwa huko, na Wamisri walichonga majeneza kwa mbao zake. Wale wasomao Injili wanakumbuka mkuyu alioupanda Zakayo kule Yeriko. Nao ni mti wa aina hiyo hiyo. Lakini nyigu wetu hakufika nao nchi zile. Kwa hiyo makuyu ya Misri hayana mbegu zinazoota. Kwa maelfu ya miaka wakulima wamekata matawi na kuyapanda, na makuyu wameyachanja kwa kisu ili yaive upesi. Pasipo mkono wa mwanadamu, mti ule mkubwa usingalipata mtoto hata mmoja.

Basi, watoto, mkiona mkuyu unakatwa mtoni, msidhani kwamba umekatwa mti mmoja tu. Ninga, hondohondo, popo na nyani wamepoteza chakula chao. Na nyigu atakayetoka katika kuyu la mti wa jirani, akiwa na siku mbili tu za kuishi, asipoona kuyu changa po pote atakufa na mzigo wake kifuani. Aliye mkubwa humtegemea mdogo, na mdogo humtegemea mkubwa. Kwaherini.